Mjuzi wa Sumu Aitwe Kabla ya Wakili

Wakulima wenzangu wa skimu, mwezi huu sitasema habari za mbolea wala bei ya maziwa. Nataka kusema juu ya mtu mmoja ambaye wengi wetu hatujapata kumwajiri, na ambaye tukimhitaji huwa tumekwisha kuchelewa. Mtu huyo ni mjuzi wa sumu. Si mganga wa mifugo, ingawa hufanya kazi pamoja naye. Wala si yule wa maabara, ambaye hupima na kuandika hesabu yake tu. Mjuzi wa sumu ni yule awezaye kuisoma hesabu hiyo, kisha akaieleza korti, au akamweleza mwenye kiwanda, kwamba kitu hiki, kwa kiasi hiki, kikiingia mwilini kwa njia hii, ndicho kilichomdhuru mnyama huyu au mtoto huyu. Au kwamba sicho.

Nitaanza na aibu yetu wenyewe hapa Theta. Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa kiangazi, mto ulipokuwa umepungua hata mtu akauvuka kwa kukanyaga mawe, majirani zangu watatu walipoteza ng'ombe sita kwa siku mbili. Wote walikuwa wakinywa maji mtoni. Walitokwa na povu mdomoni, wakatetemeka, wakaanguka. Upande wa juu kuna kiwanda, na kila mmoja wetu alikuwa na hakika moyoni mwake. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema kwa sauti. Tulifanya mkutano siku ile ile, tukachanga pesa, na siku ya Jumatatu tukapanda gari kwenda mjini kutafuta wakili.

Wakili alitusikiliza vizuri, kisha akatuuliza maswali matatu. Mizoga iko wapi? Tulikuwa tumeizika yote, na hapana hata kipande cha ini kilichowekwa. Maji ya siku ile yako wapi? Kijana mmoja alikuwa amechota maji katika chupa ya soda, lakini siku ya tisa, baada ya mvua kunyesha. Na nani ameishika chupa hiyo tangu wakati huo? Ilikaa dukani, ikaja nyumbani kwangu, ikapanda gari la maziwa. Wakili akatuambia wazi kwamba upande wa pili watakuja na mjuzi wao na ripoti nene iliyopigwa muhuri, nasi tutakuja na chupa ya soda. Shauri halikufika kortini. Pesa tulizochanga ziliishia katika ada na nauli. Mama mmoja mjane miongoni mwa wale watatu, ambaye ng'ombe wake walikuwa wawili tu na wote wakafa, alilipa mkopo wa ng'ombe hao miaka miwili bila kukamua hata kikombe kimoja.

Lakini jambo linaloniuma zaidi ni kwamba mpaka leo sijui. Huenda kilikuwa ni kiwanda. Huenda pia ilikuwa ni dawa ya kuua wadudu, maana wiki ile ile mmoja wetu alikuwa ameoshea pampu yake mtoni, na wengi katika mkutano walilijua jambo hilo wakanyamaza. Nami nilinyamaza. Kutokwa na povu na kutetemeka ni dalili za dawa za jamii ya organofosfeti, na dawa hizo huuzwa madukani Ruiru na Thika kwa yeyote mwenye pesa. Kama ni kiwanda, basi kimetuponyoka. Kama ni pampu ya jirani, basi tulikuwa njiani kumshtaki asiye na kosa, kwa pesa za mjane.

Sasa twende Mombasa kidogo, maana huko watu maskini kuliko sisi walifanya kazi hii wakafika mwisho. Katika kijiji cha Owino Uhuru, pembeni mwa mji ule, palifunguliwa kiwanda cha Metal Refinery kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Mwaka 2009 kiwanda kilimwajiri mama mmoja kijana, Phyllis Omido, na kazi yake moja ya kwanza ilikuwa kusimamia ripoti ya mazingira. Wataalamu aliowaita wakaona kwamba mahali pale hapafai kwa kazi ile, maana nyumba za watu zilikuwa ukutani hasa. Naye akawaambia wakubwa wake kwamba kiwanda kifungwe. Hawakumsikiliza, bali walimwondoa katika kazi hiyo ya ripoti. Baadaye mtoto wake mwenyewe, aliyekuwa akinyonya, akaugua. Na damu ilipopimwa ilionekana ina risasi. Kisha akapeleka watoto wengine watatu wa kijiji wapimwe, nao wakaonekana vivyo hivyo.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Kesi ikafunguliwa mwaka 2016, na tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamua kwamba wenyeji wapata 3,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Waliohukumiwa hawakuwa wenye kiwanda peke yao. Na idara za Serikali zilizopaswa kulinda watu zilitiwa hatiani pia, na si vibaya gazeti la Serikali kulisema hilo. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo, na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi tangu yule mama alipopeleka ripoti yake. Kiwanda kilikuwa na shauri la wajuzi mkononi tangu mwanzo, tena kililipia chenyewe, kikaliweka kando. Nasema haya kwa wenye viwanda wa Thika na Ruiru pia, maana najua baadhi yao husoma gazeti hili wanapotafuta wauza maziwa na mboga.

Nataka mtazame jinsi wajuzi walivyofanya kazi huko, kwa sababu hapo ndipo penye somo kwetu. Watafiti waliopima watoto wadogo 130 hawakupima wa Owino Uhuru peke yao. Walikwenda pia katika kijiji kingine cha Mombasa kiitwacho Bangladesh, ambacho watu wake huishi maisha kama yale yale, ila hawakuwa na kiwanda kile ukutani. Katika ripoti yao iliyotoka mwaka 2018, damu ya watoto wa Owino Uhuru ilikuwa na wastani wa mikrogramu 7.4 za risasi katika kila desilita, na ya wale wengine 3.7. Waliovuka kipimo cha mikrogramu 5 walikuwa 45 katika kila 100 upande mmoja, na 15 katika kila 100 upande wa pili. Je, waona maana yake? Hata katika kijiji cha pili risasi ilikuwako kidogo, kwa kuwa risasi hutoka pengi. Mtu asiye mjuzi angepima Owino Uhuru tu, kisha wakili wa upande wa pili angesimama akauliza, nani amewaambia kwamba watoto wa Mombasa nzima hawako hivyo? Kijiji cha pili kililijibu swali kabla halijaulizwa.

Sisi tulipokufa ng'ombe hatukufikiri hata kuchota maji juu ya kiwanda na chini yake.

Tena sumu hazifanani, na hili ni jambo ambalo mjuzi huyajua mapema kuliko sisi. Risasi hukaa mifupani miaka mingi, na ardhini hukaa zaidi. Mtu aliyechelewa bado anaweza kuipata. Dawa nyingi za wadudu hazingoji. Katika joto na jua huvunjika siku chache tu, na mtoni huchukuliwa na maji. Sumu ya shaba, ambayo sisi wa kahawa tunaipulizia dhidi ya ugonjwa wa buni, ina hila yake: hujikusanya udongoni mwaka hata mwaka, na kondoo hufa kwa kiasi ambacho ng'ombe angekivumilia. Mtu akikata majani chini ya mibuni akamlisha kondoo, kisha kondoo akafa, asikimbilie kumshtaki jirani. Amwite kwanza mtu ajuaye.

Na wale wanaodhani sumu ni kitu cha viwandani peke yake wakumbuke mwaka 2004. Mwaka huo watu 317 waliugua na 125 wakafa katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, naam, Thika yetu hii, kwa kula mahindi yenye sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Mahindi 350 ya madukani yalipopimwa, zaidi ya nusu yalikuwa yamepita kipimo cha sheria cha wakati ule, yaani sehemu 20 katika kila sehemu bilioni moja. Na mengine yalipita sehemu 1,000. Thika ndiyo iliyokuwa na nafuu katika wilaya hizo: wastani wa mahindi yake ya sokoni ulikuwa 7.52, na wa Makueni 52.91. Wajuzi walipofuata nyayo walikuta kwamba sumu ilitoka hasa kwa mahindi ya shambani kwa watu wenyewe, yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Hapakuwa na kiwanda cha kushtaki. Siku hizi kipimo cha sheria ni sehemu 10, na chama cha wakulima kinachouza mahindi kwa shule au kwa kinu chaweza kujikuta kortini kama mshtakiwa.

Vivyo hivyo kwa mishiri. Mwezi wa Januari 2013 Umoja wa Ulaya uliamuru kwamba katika kila mizigo 100 ya mishiri na njegere zenye maganda kutoka Kenya, 10 ipimwe kwa sababu ya mabaki ya dawa, hasa dimethoeti. Wakulima wengi walipoteza soko, na waliokuwa na karatasi za vipimo vyao wenyewe walikuwa na la kusema. Kwa hiyo mjuzi wa sumu si mtu wa kumshtaki mkubwa tu. Ni mtu wa kutuonya sisi nasi.

Sasa nitasema jinsi ninavyoona yafaa tufanye, na msomaji anaweza kupinga.

Mnyama akifa ghafula, asipasuliwe na mtu yeyote kabla mganga wa mifugo hajafika, maana kimeta nacho huua ghafula, na aliyepasua mzoga wa kimeta huenda akamfuata ng'ombe wake. Mganga aitwe siku ile ile, wala si kesho. Yeye ndiye atakayekata ini, figo na vitu vya tumboni, akaviweka katika baridi na kuvipeleka Kabete kwenye maabara ya mifugo. Mambo yakiwa ya polisi, vitu hupelekwa kwa Mkemia wa Serikali, Nairobi, na ripoti yake hupokelewa kortini katika mashtaka ya jinai kwa kifungu cha 77 cha Sheria ya Ushahidi. Kwa mashauri ya fidia, kifungu cha 48 cha sheria hiyo huipa korti ruhusa kusikiliza maoni ya mtu mwenye ujuzi maalumu. Sheria haisemi kwamba mtu huyo lazima awe wa tajiri.

Maji yachotwe mapema: juu ya mahali mnapopashuku, mahali penyewe, na chini yake. Chupa ziwe safi, za kioo kwa dawa za wadudu. Kwa madini maabara itawapa chupa zake. Kila chupa iandikwe siku, saa, mahali na jina la aliyechota, ifungwe, na watu wawili watie sahihi, mmoja wao ikiwezekana awe karani wa chifu au afisa wa afya. Kisha kila mtu anayeipokea aandike jina lake na saa aliyoipokea. Daftari hilo dogo lina thamani kuliko maneno ya mashahidi kumi, maana swali la kwanza la wakili wa upande wa pili si sumu gani, bali chupa hii ilikuwa wapi.

Kuhusu kumwajiri mjuzi mwenyewe, wengine hudhani ni lazima atafutwe ng'ambo. Si kweli. Chuo Kikuu cha Nairobi kina idara ya elimu ya sumu pale pale Kabete, na Chuo cha Jomo Kenyatta kipo Juja, ambako kutoka kwangu ni mwendo mfupi wa matatu. Watafiti wa kahawa wako Ruiru. KEPHIS hupima mabaki ya dawa katika mazao. Mkimpata mtu, mwulizeni wazi: Umepata kufanya kazi kwa kiwanda hiki? Ulisomea sumu, au ulisomea jambo jingine ukaingia huku? Maabara utakayotumia imekubaliwa na KENAS? Umepata kusimama kortini ukaulizwa maswali na upande wa pili? Asiyependa kuulizwa na wakulima hatapenda kuulizwa na wakili.

Mkataba uandikwe, na malipo yagawanywe: kwanza ada ya kusoma karatasi na kuja kuona mahali, kisha gharama za maabara, ambazo ndizo huwa nzito, kisha ripoti, kisha siku za kortini, kama zitafika. Mara nyingi haziendi mbali, kwa kuwa ripoti nzuri ya kwanza huwafanya watu wakae mezani. Lakini jambo moja msilifanye kamwe. Msimwahidi mjuzi fungu la fidia. Mjuzi anayelipwa mkishinda tu ni kama mzani wa mnunuzi wa kahawa uliofungwa jiwe chini. Hakimu atauona, na ukweli wake wote utaonekana kuwa umenunuliwa. Alipwe sawa hata kama atasema kwamba ng'ombe waliuawa na pampu yetu.

Najua hapa ndipo watu wengi watakaponikatalia. Mzee mmoja wa chama chetu aliniambia, "Kwa nini nilipe mtu aje kuniambia nina makosa?" Nilimjibu kwamba ni nafuu kuyasikia hayo katika ofisi ya chama kuliko kuyasikia kortini pamoja na gharama za upande wa pili. Hakuridhika. Lakini alikubali kwamba tulipochanga pesa za wakili hatukumwuliza mtu kama tuna haki, tulimwuliza tu bei.

Katiba ya 2010 imetusaidia kwa upande mmoja. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda kortini kuzuia uchafuzi wa mazingira bila kuonyesha kwamba yeye au mwingine amekwisha kudhurika. Basi kama lengo ni kuzuia maji machafu yasimwagwe mtoni, njia ni nyepesi kidogo. Lakini anayetaka kulipwa ng'ombe wake, au mtoto wake, bado atahitaji kuonyesha sumu, kiasi, njia na madhara, na kamba hiyo ikikatika mahali pamoja, imekatika yote.

Kuna jambo jingine tunaloliacha lipite. Kiwanda kipya kinapotaka kujengwa, sheria ya mazingira ya 1999 hutaka ripoti ya wataalamu, na tangazo hutolewa ili wananchi waandike maoni yao kwa NEMA katika muda uliotajwa. Mtaalamu huyo hulipwa na mwenye kiwanda. Sisemi kwamba wote ni waongo. Wale wa Owino Uhuru walisema kweli. Nasema kwamba ripoti ya kurasa nyingi husomwa na nani kwa upande wetu? Mwalimu mkuu? Karani wa chama? Siku moja ya kazi ya mjuzi wetu, akisoma ripoti hiyo kabla msingi haujachimbwa, ni rahisi kuliko miaka 10 ya kesi.

Kwa hiyo katika mkutano mkuu wa chama chetu cha maziwa nitaleta hoja mbili. Ya kwanza, kila mwanachama akatwe kitu kidogo kwa mwezi, kiwekwe katika akaunti ya peke yake iitwayo ya vipimo, isiguswe kwa jambo jingine hata kama lori limeharibika. Tukiungana na vyama vya jirani, mzigo utakuwa mwepesi, maana mto haujui mipaka ya chama. Ya pili, katika ofisi ya chama liwekwe sanduku lenye chupa safi, karatasi za kuandikia, lakiri, na namba ya simu ya mganga wa mifugo, na vijana wawili wafundishwe kazi hiyo. Na Serikali ya Kaunti naiomba iweke afisa mmoja ambaye mkulima anaweza kumpigia simu siku ya Jumapili, kwa kuwa ng'ombe hawachagui siku za kazi.

Yule mjane ana ndama mmoja sasa. Humnywesha maji ya kisima, ambayo huyateka kwa ndoo asubuhi na jioni, na bado mto unapita chini ya shamba lake.